Faili la Uhamiaji Lililobaki kwa Wakili wa Mwajiri

Katika mfumo wa uhamiaji wa Marekani, mgeni anayefanya kazi kwa viza ya kitaalamu hajiombei mwenyewe haki ya kufanya kazi, bali huombewa na mwajiri wake, na kanuni hiyo moja ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yanayomkuta mtu aliyeachishwa kazi na kisha akagundua kwamba wakili aliyeshughulikia makaratasi yake kwa miaka kadhaa hapokei simu wala hajibu barua pepe. Kisheria mwajiri huitwa mwasilishaji wa ombi, na mfanyakazi huitwa mnufaika, yaani mtu ambaye jambo linafanywa kwa ajili yake lakini si yeye anayelifanya. Mwajiri ndiye anayetia saini fomu, ndiye anayechagua wakili na kumlipa, na majibu ya serikali yanapotoka hupelekwa kwa mwajiri na kwa wakili huyo. Mfanyakazi anaweza kuishi Dallas au Seattle miaka sita, akalipa kodi na kusomesha watoto, bila kuwahi kushika mkononi nakala kamili ya maombi yanayomfanya awepo nchini kihalali. Ajira inapokatika, hupoteza kwa siku moja mshahara, bima ya afya, na njia ya kuyafikia maandishi yanayoeleza yeye ni nani mbele ya sheria.

Viza inayohusika zaidi na jambo hili ni H-1B, iliyopata sura yake ya sasa kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, ambayo humruhusu mwajiri kumchukua mgeni kwa kazi inayohitaji angalau shahada ya kwanza, kwa muda ambao kwa kawaida hauzidi miaka 6, na ambayo nafasi zake mpya kwa kampuni za kawaida hazizidi 85,000 kwa mwaka. Mwenye viza hiyo akiachishwa kazi halazimiki kuondoka siku hiyo hiyo, kwa kuwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 inampa muda wa neema usiozidi siku 60, au hadi mwisho wa ruhusa yake ya kukaa nchini ikiwa mwisho huo uko karibu zaidi, ili apate mwajiri mwingine wa kumwombea, abadilishe aina ya viza, au afungashe virago. Idara ya Uraia na Uhamiaji, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha USCIS, huanza kuhesabu siku hizo baada ya ajira kukoma, na kukoma huko kwa kawaida hutambuliwa kwa siku ya mwisho ambayo mfanyakazi amelipiwa mshahara, si kwa siku ambayo malipo ya kuachishwa kazi yameingia benki. Ndani ya muda huo haruhusiwi kufanya kazi. Muda ukiisha bila ombi jipya kufikishwa serikalini, huwa amevunja masharti ya hadhi yake. Na akibaki nchini zaidi ya siku 180 baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye I-94, ambayo ni kumbukumbu ya kuingia na ya muda wa kukaa, kisha akaondoka, hufungiwa kurudi kwa miaka 3, na akipitisha mwaka mzima hufungiwa miaka 10.

Mwajiri mpya akipatikana, wakili wake huomba vitu vichache, lakini huviomba siku ya kwanza: taarifa ya kuidhinishwa kwa H-1B, inayochapishwa kwenye fomu I-797, hati za mshahara za miezi ya karibuni, zinazoonyesha kwamba mfanyakazi alikuwa akitimiza masharti, pasipoti na I-94, vyeti vya elimu pamoja na tathmini ya vyeti vilivyotoka nje ya Marekani, na, ikiwa safari ya kuomba ukaazi wa kudumu ilikuwa imeanza, taarifa ya kuidhinishwa kwa fomu I-140, ambayo mwajiri huitumia kumwombea mfanyakazi ukaazi huo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 inamruhusu mwenye H-1B kuanza kazi kwa mwajiri mpya mara ombi jipya linapofikishwa USCIS, bila kungoja uamuzi, na kwa hiyo kila siku ambayo wakili wa zamani anakaa kimya ni siku ya mshahara iliyopotea, mbali na kuwa siku iliyotolewa katika zile 60.

Swali la kwanza, ambalo wengi hulifikia wakiwa wamekwisha kukasirika, ni wakili huyo alikuwa wa nani. Katika sehemu kubwa ya Marekani wakili anayeshughulikia ombi la kazi la uhamiaji huhesabiwa kuwa anawawakilisha wote wawili, mwajiri na mfanyakazi, hata kama anayelipa ni mmoja. Lakini zipo ofisi zinazoandika tangu mwanzo kwamba mteja wao ni kampuni pekee, na zipo nyingine ambazo hazikuandika lolote, zikaliacha jambo likielea mpaka siku ya ugomvi. Mahali pa kutazama ni barua ya makubaliano ya huduma, ikiwa mfanyakazi aliwahi kupewa aisaini, na fomu G-28, ambayo wakili huitumia kuijulisha serikali anamwakilisha nani katika shauri fulani. Katika ombi la H-1B na katika fomu I-140, G-28 kwa kawaida husainiwa na mwajiri. Katika fomu I-485, ambayo mtu aliyemo nchini huitumia kuomba kugeuzwa kuwa mkaazi wa kudumu, mwombaji ni mfanyakazi mwenyewe, saini ni yake, na wakili aliyeipeleka hana namna ya kudai kwamba hamjui. Tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu aliyefika hatua ya I-485 huzungumza akiwa mteja kamili, ilhali aliyeishia kwenye H-1B huenda akalazimika kuthibitisha uteja wake kwa barua pepe ambamo wakili alimshauri, alimhoji na kumtaka nyaraka. Sheria ya uwakili inakubali kwamba uhusiano wa wakili na mteja unaweza kuzaliwa kwa vitendo, bila mkataba wa maandishi.

Akishajulikana kuwa mteja, kanuni za maadili huwa upande wake. Chama cha Mawakili cha Marekani hutunga kanuni za mfano, ambazo zenyewe si sheria mpaka kila jimbo lizipitishe kwa maneno yake, na kanuni ya 1.16 inamtaka wakili, uwakilishi unapokoma, alinde maslahi ya mteja na kumkabidhi karatasi na mali anazostahili. Mwaka 2015 chama hicho kilitoa maoni rasmi namba 471 kueleza karatasi hizo ni zipi: vitu ambavyo mteja mwenyewe alimpa wakili, nyaraka zilizowasilishwa au zilizokuwa tayari kuwasilishwa, maamuzi na barua za shauri, lakini si rasimu, si maandishi ya ndani ya ofisi, na si kumbukumbu za kugawana kazi. Majimbo hutofautiana. California inamtaka wakili aachie faili hata kama hajalipwa, na mahakama ya juu kabisa ya New York, katika kesi ya mwaka 1997 ya Sage Realty dhidi ya Proskauer Rose, ilikubali kwamba mteja ana haki ya kufikia karibu faili lote baada ya shauri kwisha. Linaloamua ni jimbo alikosajiliwa wakili zaidi ya jimbo anakoishi mfanyakazi, na mtu aliyeko Minnesota ambaye wakili wake amesajiliwa New York anapaswa kusoma kanuni za New York.

Hata hivyo ukaidi wa wakili mara chache hutokana na chuki, na anayeuelewa huushinda kwa urahisi zaidi kuliko anayeutukana. Kampuni humletea wakili mashauri mengi mwaka hadi mwaka, ilhali mfanyakazi hana ila hilo lake moja, na afisa wa rasilimali watu akisema kwamba aliyeondoka asipewe kitu, karani wa ofisi ya wakili hatathubutu kutuma hata ukurasa. Mshika mawili moja humponyoka, na kwa wakili wa aina hii kinachoponyoka ni upande usiolipa. Kanuni zenyewe zinakiri kwamba anayewawakilisha watu wawili katika jambo moja hawezi kuendelea vizuri ikiwa mmoja anamtaka amfiche mwenzake yanayohusu jambo hilo, lakini kukiri hivyo kwenye karatasi hakujawahi kumzuia afisa kutoa agizo lake wala karani kulitii.

Lipo pia jambo ambalo wakili ana haki ya kulikataa, na kulijua mapema huokoa siku nyingi. Ombi la ukaazi wa kudumu kupitia kazi huanza mara nyingi na hatua iitwayo PERM, ambamo mwajiri huitangaza nafasi ya kazi na kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba hakumpata Mmarekani mwenye sifa, aliye tayari kuifanya. Kanuni zinamkataza mfanyakazi mgeni na wakili wake kushiriki katika kuwapima waliojitokeza kuomba nafasi hiyo, ili mtu asiwe mwamuzi katika jambo lake mwenyewe, na kwa hiyo ripoti ya matangazo pamoja na wasifu wa walioomba hulindwa kwa wivu. Katika hatua ya I-140 mwajiri huambatisha pia hesabu zake za fedha au fomu zake za kodi kuonyesha kwamba anaweza kulipa mshahara alioahidi, na hizo ni siri za kampuni. Mfanyakazi anayeandika akidai faili lote humpa wakili sababu halali ya kukataa, na wakili aliyekwisha pata sababu moja halali hahitaji nyingine.

Ndiyo maana ombi linalofaulu huwa jembamba. Hutaja kwa jina fomu I-797 ya H-1B, fomu I-797 ya I-140, fomu ya PERM yenye uthibitisho wa wizara, nakala kamili ya I-485 ikiwa ilipelekwa, na nyaraka ambazo mfanyakazi mwenyewe alizitoa, hasa barua za waajiri wa zamani kuhusu uzoefu wake wa kazi, ambazo huwa ngumu kuzipata tena pale ambapo waliozisaini wamestaafu au kampuni imefungwa. Husema waziwazi kwamba hesabu za fedha na taarifa za waombaji wengine hazihitajiki. Huweka tarehe ya kujibiwa, hueleza tarehe ambayo siku 60 zitaisha, na hutumwa kwa barua pepe na kwa barua ya rejista kwa mwanasheria ambaye jina lake liko kwenye fomu, si kwa karani wake, huku nakala ikienda kwa ofisi ya rasilimali watu, kwa kuwa mara nyingi wakili anasubiri ruhusa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiomba. Likiandikwa na wakili mpya wa mfanyakazi, husomwa haraka zaidi. Hilo si la haki sana, lakini ndivyo ilivyo.

Wakili akisema kwamba analizuia faili kwa sababu anadai fedha, anatumia kile kinachoitwa haki ya kuzuilia, yaani haki ya kushikilia mali ya mdaiwa mpaka deni lilipwe, ambayo baadhi ya majimbo bado yanaitambua. Katika mashauri haya dai hilo mara nyingi halina mguu. Tangu Julai 2007 kanuni za Wizara ya Kazi zinamtaka mwajiri alipe mwenyewe gharama zote za PERM, pamoja na ada ya wakili aliyemwandalia ombi hilo, na ada za wakili katika ombi la H-1B huhesabiwa kuwa gharama za biashara za mwajiri. Mfanyakazi ambaye kisheria hakupaswa kulipa hawezi kugeuka kuwa mdaiwa kwa sababu kampuni haijamaliza ankara zake.

Malalamiko kwa chombo cha nidhamu cha mawakili cha jimbo ni silaha ya kweli, ila ni ya polepole. Uchunguzi huchukua miezi, na siku 60 hazimngoji mtu. Faida yake ya haraka hupatikana pale ambapo chombo hicho kina ofisi ya usuluhishi inayompigia wakili simu kabla ya kufungua shauri, kama inavyofanya ofisi ya msaada kwa wateja ya chama cha mawakili cha Texas, jimbo lenye Wakenya na Watanzania wengi. Mawakili wachache hupenda jina lao litajwe huko kwa ajili ya kurasa kumi za nakala. Kumtishia wakili kwa malalamiko katika barua ya kwanza ni jambo jingine, na kwa kawaida humfanya ampelekee barua hiyo wakili wake wa bima na kunyamaza kabisa.

Jambo ambalo watu wengi walioachishwa kazi hawalijui ni kwamba wakili si mlango pekee, kwa sababu karibu kila karatasi anayoizuia ina nakala serikalini. Sheria ya Uhuru wa Kupata Taarifa, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966, inampa mtu yeyote, raia au mgeni, haki ya kuomba kumbukumbu za idara za serikali kuu, na idara inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, ingawa inaweza kuongeza muda. Ombi kwa USCIS hupelekwa kwa mtandao, halihitaji idhini ya mwajiri, na halihitaji wakili. Idara hiyo kwa miaka mingi ilichelewesha majibu kiasi kwamba Desemba 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho ya California Kaskazini, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Nightingale, aliiamuru imalize mlundikano wa maombi ya mafaili ya wahamiaji na ifuate muda uliowekwa na sheria. Anayeomba taarifa ya I-140 peke yake, akaitaja kwa namba ya shauri, hupata jibu mapema kuliko anayeomba kila kitu tangu siku alipoingia nchini. Atakachopokea kinaweza kuwa na mistari iliyofutwa kwa wino mweusi pale penye siri za biashara za mwajiri, lakini tarehe, aina ya ombi na uamuzi, ambavyo ndivyo vinavyotakiwa, kwa kawaida hubaki.

Namba ya shauri yenyewe, yenye herufi tatu na tarakimu kumi, ina thamani kuliko wengi wanavyodhani, kwa maana mwenye nayo anaweza kutazama hali ya ombi kwenye tovuti ya USCIS, na wakili mpya anaweza kuitaja katika ombi jipya huku nakala ikiendelea kutafutwa. Wakili mkaidi ambaye hatatuma karatasi mara nyingi hukubali kutaja namba hiyo kwa simu. Njia moja ambayo haifai kupotezewa muda ni fomu I-824, inayotumika kuomba nakala nyingine ya taarifa ya uamuzi, kwa kuwa anayeweza kuijaza ni aliyepeleka ombi la awali, yaani mwajiri yule yule.

Upande wa Wizara ya Kazi kuna hazina isiyotembelewa sana. Kabla ya ombi la H-1B mwajiri hupeleka wizarani tamko la masharti ya ajira, linaloeleza mshahara na mahali pa kazi, na kanuni zinamtaka ampe mfanyakazi nakala yake kabla au katika siku anayoripoti kazini, na aweke nyingine katika faili la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua bila kueleza sababu. Zaidi ya hayo, wizara huchapisha mtandaoni majedwali ya maombi yote iliyoyaamua, yakiwa na jina la mwajiri, cheo cha kazi, mshahara, namba ya shauri na tarehe ya kupokelewa, bila jina la mfanyakazi. Na mtu anayejua cheo chake, mji na mshahara ulioandikwa anaweza mara nyingi kuutambua mstari wake, akapata namba ya PERM ambayo wakili alimnyima. Ruhusa ya I-94 nayo hupatikana kwenye tovuti ya forodha na ulinzi wa mipaka, isipokuwa kwa mtu aliyeongezewa muda akiwa ndani ya nchi, ambaye I-94 yake ya mwisho iko chini ya fomu I-797 na haionekani kwenye tovuti hiyo. Hati za mshahara na faili la utumishi hutegemea jimbo: California humpa mwajiri siku 30 kumwonyesha aliyeondoka faili lake, Massachusetts siku 5 za kazi.

Karatasi inayostahili kupiganiwa kuliko zote ni ile ya I-140, kwa sababu ya kitu kinachoitwa tarehe ya kipaumbele, yaani siku ambayo mtu alihesabiwa kuwa ameshika foleni ya ukaazi wa kudumu, ambayo kwa waliopitia PERM ni siku wizara ilipopokea ombi. Viza za ukaazi kupitia kazi zina ukomo wa mwaka, na hakuna nchi inayopaswa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya jumla yake, hivi kwamba mzaliwa wa India husubiri miaka mingi ilhali mzaliwa wa Kenya, Tanzania au Kongo yuko katika foleni ya nchi nyingine zote, iliyo fupi zaidi ingawa nayo husimama mara kwa mara. Kanuni ya 2017 inasema kwamba I-140 ikishaidhinishwa, tarehe hiyo hubaki ya mfanyakazi hata mwajiri akiliondoa ombi lake, ila kama kulikuwa na ulaghai, kosa kubwa la idara, au kufutwa kwa uthibitisho wa PERM. Na ikiwa zimepita siku 180 tangu kuidhinishwa, mwajiri akiliondoa, uidhinisho wenyewe haufutwi kwa sababu hiyo tu. Mwenye I-140 iliyoidhinishwa na ambaye foleni yake haijafika anaweza pia kuongezewa H-1B kwa miaka 3 zaidi ya ile 6 ya kawaida kupitia mwajiri mpya. Kwa hiyo karatasi moja, ambayo jina la mwajiri wa zamani liko juu yake, hubeba miaka ya kusubiri ambayo ni mali ya mfanyakazi, naye hana nakala.

Mwajiri anatakiwa na sheria kuiarifu USCIS kwamba ajira ya H-1B imekwisha, lakini hakuna sheria inayomlazimisha aondoe I-140. Kampuni nyingine huiondoa kwa mazoea tu, na mfanyakazi hapati habari, kwa sababu barua za serikali huenda kwa aliyepeleka ombi. Upofu huo ulifika mahakamani katika kesi ya Mantena dhidi ya Johnson, ambayo Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, New York, iliiamua mwishoni mwa 2015: USCIS ilikuwa imekusudia kufuta I-140 ya mfanyakazi aliyekwisha hamia kwa mwajiri mwingine, na taarifa ikapelekwa kwa mwajiri wa zamani, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuijibu. Mahakama iliona kwamba sheria ya mwaka 2000, iliyomruhusu mfanyakazi kuhama, haikuweza kukusudia kwamba taarifa iende kwa asiyehusika tena. Mwaka 2017 ofisi ya rufaa ya USCIS yenyewe, katika uamuzi uitwao V-S-G-, ilikubali kwamba mfanyakazi aliyehama kwa kufuata sheria hiyo anapaswa kuarifiwa na kusikilizwa. Ushindi huo ni mwembamba, kwa kuwa unawagusa waliofika hatua ya I-485 na kuhama ipasavyo, lakini ulikuwa mara ya kwanza kwa idara kukiri kwamba mnufaika naye ana masikio.

Kwa Waafrika Mashariki wengi tatizo hili lina sura nyingine, kwa sababu kundi kubwa la wanaoombewa na waajiri wa Marekani ni wauguzi, hasa kutoka Kenya, ambao hawapiti H-1B wala hatua ya matangazo ya PERM, kwa kuwa uuguzi umo katika orodha ya kazi ambazo wizara imekwisha kukiri kuwa zina uhaba. Muuguzi huombewa I-140 akiwa bado Nairobi au Eldoret, husubiri tarehe yake, na huingia Marekani akiwa tayari mkaazi wa kudumu. Kazi yake hupotea kabla hajaianza, pale ambapo hospitali au wakala wa ajira anafuta nafasi huku foleni ikiwa imesimama. Matokeo ya mtihani wa leseni wa NCLEX na cheti cha VisaScreen ni vyake mwenyewe na hakuna anayeweza kumnyima, lakini taarifa ya I-140 iko kwa wakala, ambaye wakati mwingine huishikilia akidai fidia ya mkataba uliovunjika. Tarehe ya kipaumbele hulindwa kwa kanuni ile ile, na ombi la taarifa linaweza kutumwa kwa mtandao kutoka Nairobi kama linavyotumwa kutoka Boston. Tahadhari moja inahitajika: nchini Marekani wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa kisheria wa uhamiaji ni mawakili na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia mashirika yasiyo ya faida, na mjuzi wa mtaani anayejazia watu fomu kwa malipo, hata awe ndugu wa kanisani, hatawajibika kwa chombo chochote cha nidhamu siku atakapopotea na nyaraka.

Nafasi ambayo wengi huiachia ipite ni siku ya kuachishwa kazi yenyewe. Kampuni nyingi zinapotoa malipo ya kuachishwa kazi humtaka mfanyakazi asaini mkataba wa kukubali kwamba hataishtaki, na kwa mwenye umri wa miaka 40 au zaidi sheria inataka apewe siku 21 za kuutafakari, au 45 ikiwa wanaopunguzwa ni kundi. Mkataba huo ni mazungumzo, ingawa huletwa umechapwa na kupigwa muhuri kana kwamba umeshuka kutoka mlimani. Mwenye H-1B anaweza kuomba abaki kwenye orodha ya mishahara wiki chache badala ya kupokea fedha kwa mkupuo, ili siku 60 zichelewe kuanza. Anaweza kuomba kampuni isiondoe I-140 kabla ya siku 180 kutimia. Na anaweza kuomba kifungu kinachomwagiza wakili wa kampuni kumtumia, ndani ya siku tano, nakala za taarifa zote za uidhinisho zenye jina lake. Kifungu hicho cha mwisho hakiigharimu kampuni chochote zaidi ya dakika chache za karani, na afisa wa rasilimali watu anayeitaka saini kabla ya Ijumaa ndiye atakayempigia wakili simu.